Lita Saba

Jumatatu, 2 Machi

Mvua zimeanza leo, na mume wangu ameteuliwa mwenyekiti. Sijui kati ya hayo mawili ni lipi litakaloleta tope zaidi.

Kamati ni ya wizara, na kazi yake ni kupandisha kiwango cha matumizi ya mafuta kwa magari yanayoingizwa nchini. Kupandisha kiwango maana yake ni kushusha lita. Sheria ya sasa inaruhusu gari linywe lita tisa kwa kilomita mia. Wizara inataka sita. Mume wangu alinieleza hayo mara mbili wakati wa chakula, polepole, kana kwamba ananifanyia mazoezi. Ni mhandisi mzuri, sijawahi kusema vingine. Lakini ni mtu ambaye akiugonga mlango kwa bega huuomba radhi. Watu wa namna hiyo hawakalishwi kiti cha mbele ila pale ambapo mkubwa fulani anataka mambo yaharibike kwa adabu.

Nusu ya wajumbe ni wauza magari. Mmoja wao ni mume wa mdogo wangu, ambaye mimi humwita Bwana Yadi kwa sababu hana mazungumzo mengine. Mimi ni daktari wa meno. Siku wakiunda kamati ya kupunguza peremende na kuijaza wauza peremende, nitaomba uenyekiti mimi mwenyewe, angalau nicheke kwa karibu.

Jumapili, 8 Machi

Mdogo wangu na Bwana Yadi wamekuja mchana, kama kila Jumapili. Bwana Yadi hakalii kiti, hukimiliki. Ametuambia kwamba wadau wana wasiwasi. Nimeona kwamba kila anayetamka "wadau" anajisema mwenyewe, ila anaona haya kusema "mimi". Kisha akamwonea huruma mwananchi wa kawaida, ambaye eti atakosa gari kubwa la kubebea familia yake. Mwananchi wa kawaida pekee anayemfahamu ni yule anayemfulia mashati.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema, "Kuna hoja hapo."

Mdogo wangu alinikodolea macho ili asicheke. Nampenda sana mdogo wangu. Tangu utotoni hatuhitaji maneno kumcheka mtu.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Foleni ya mafuta imefika kona ya kliniki yangu. Mdogo wangu alipiga simu, kama Jumatano zote. Nikamwigizia "kuna hoja hapo" pamoja na ile miwani. Alicheka hadi akapaliwa.

Alhamisi, 19 Machi

Meli ya mafuta imechelewa tena na foleni sasa inazunguka jengo letu zima. Magari makubwa kama vyumba, kila moja lina mtu mmoja ndani, injini zinanguruma, vioo vimefungwa ili ubaridi usitoke. Wanachoma mafuta wakisubiri mafuta.

Saa tano umeme ulikatika nikiwa na mgonjwa kitini, mama mtu mzima, jino la nyuma nimekwisha kulitoboa nusu. Jenereta ikawaka, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Msaidizi wangu akatoka mbio na dumu. Mwenye kituo akamwambia dumu haliruhusiwi, aje na gari. Kwa hiyo nimemkalisha yule mama kinywa wazi, pamba shavuni, huku nje dirishani, umbali wa mkono wangu, mijitu inaunguza bure mafuta ambayo yangenitosha siku nzima. Mama yule alikuwa anatokwa na machozi bila kulia. Nikaziba jino kwa dawa ya muda, nikimulikiwa na tochi ya simu, nikamwambia arudi. Akanishukuru. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilimsimulia mume wangu jioni. Nilidhani atapandisha hasira walau kidogo. Aliniuliza foleni ilikuwa na magari ya aina gani, mengi makubwa au mengi madogo. Kisha akaniuliza kama nimeongea na mdogo wangu, na kama hajambo.

Nimeolewa na daftari la mahudhurio.

Jumapili, 22 Machi

Leo nimeona aibu mbele ya jirani, na mimi si mtu wa kuona aibu upesi.

Bwana Yadi alifika na magari mawili. Moja aliendesha mwenyewe, jingine aliendesha mfanyakazi wake. Hilo la pili ni jeupe, refu, lina ngazi ya kupandia, na kwenye kioo bado lina kibandiko cha kiwandani kinachosema lita saba kwa kilomita mia. Akasema mvua hizi na kile kigari chetu havipatani, kwamba haiwezekani mwenyekiti mzima afike kwenye kikao na suruali imeloa magotini. Si zawadi, alisema. Ni la kuazima tu, mpaka mvua ziishe. Kati ya wanyumba hakuna kuhesabiana.

Nilimtazama mume wangu nikisubiri akatae. Ningeridhika hata na kukataa kwa kigugumizi. Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Walipoondoka nilimuuliza kama anajua hiyo inaitwaje kwa lugha ya watu wazima. Akajibu kwamba kigari chetu kweli kinaingiza maji. Akatoka kwenda kulitazama jitu lake, akafungua boneti, akasimama pale mvuani na mwavuli kama mtu anayesoma gazeti.

Jumatatu, 23 Machi

Amelipeleka kazini. Jirani amenipa hongera kwa gari jipya. Nimemwambia ni la msiba.

Jumanne, 31 Machi

Sita imekuwa sita na nusu. Ameitangaza mezani kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Jumatano, 1 Aprili

Nilimwambia mdogo wangu habari ya nusu lita. Nilimwambia pia kwamba mume wangu akisukumwa kidogo tu atafika hadi kumi na mbili, na atatoa na shukrani. Akasema, "Dada, wewe una mdomo." Nikamwambia mdomo ndiyo kazi yangu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara ya kliniki imekuwa mto wa kahawia. Yule mama wa jino hajarudi.

Alhamisi, 16 Aprili

Saba.

Alirudi mapema, akavua viatu, akasema kamati imekubaliana kwa kauli moja. Lita saba badala ya sita. Nikamuuliza walimpa nini katika hayo makubaliano, maana makubaliano huwa na pande mbili. Akasema mambo madogomadogo ya utaratibu wa upimaji. Utaratibu. Nikamuuliza kama alipiga meza hata mara moja katika siku zote hizo. Akafikiri kweli, akajibu kwamba hakumbuki.

Hapo nikamwaga yote. Nilimwambia nchi nzima inapanga foleni, na yeye anaendesha gari la mtu anayefaidi foleni hiyo. Nilimwambia wale watu wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye anasogeza mgongo. Nilimwambia kwamba baba yangu, aliyeuza mkaa kwa baiskeli, hakuwahi kuazima hata pampu kwa mtu aliyekuwa na shida naye.

Alisikiliza. Akasema, "Naelewa unavyoona." Akaenda kuoga.

Nilimpigia mdogo wangu hata kabla maji hayajaacha kutiririka bafuni. Nilisema mengi. Nilisema mume wangu amekwisha, kwamba hata wakimpa karatasi tupu ataweka sahihi, na kwamba sheria yenyewe ikipita hana ubavu wa kuisimamia siku mbili. Mdogo wangu safari hii hakucheka sana. Alinisikiliza tu, akaniambia nipumzike.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Hatusemeshani. Nyumba ina amani ya mochwari.

Jumatano, 22 Aprili

Ametamka sentensi moja: mdogo wako hajambo, mmeongea? Nikamwambia tumeongea. Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Jumapili, 26 Aprili

Bwana Yadi leo alikuwa na furaha ya kuchukiza. Alimwita mume wangu mtu wa busara, kiongozi anayejua kusoma alama za nyakati. Alimvika kilemba cha ukoka cha mita kumi. Kisha akatueleza kwamba ameagiza meli: magari sabini, yote makubwa, yote karatasi zake zinasema saba. Wenzake nao wameagiza. Kila mtu anajaza yadi kabla ya wengine kuamka. Akacheka akasema kiwanda ndicho kinachoandika namba, sisi ni nani hata tubishane na kiwanda.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anamenya chungwa, ganda likitoka mkanda mmoja mrefu, kwa uangalifu wa mtu asiye na jambo lingine duniani.

"Magari sabini ni mengi, mwanyumba," alisema. "Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyokuona."

"Ungesubiri kwanza Waziri aweke sahihi."

"Nisubiri nini, na wewe upo?"

Mume wangu akamgawia kipande cha chungwa. Nilitoka nikaenda jikoni kwa sababu nilihisi nitamrushia mtu sahani, na sikuwa na uhakika ni yupi kati yao.

Jumanne, 5 Mei

Mvua imepungua. Nimeng'oa meno manne. Siku nzuri kuliko zote za mwezi.

Alhamisi, 14 Mei

Naandika haya usiku huu huu.

Leo ilikuwa siku ya Waziri kupokea rasimu mbele ya watu, katika ukumbi wa wizara. Nilifunga kliniki nikaenda. Sitajidanganya kuhusu sababu: nilitaka kumwona akipiga magoti hadharani, ili siku nikiamua kusema basi, niwe na picha kamili. Nilikaa safu ya nyuma na mdogo wangu. Alikuwa amevaa vizuri. Bwana Yadi alikuwa mbele na wenzake, shingo zimejaa kola.

Msemaji wa wauza magari alisifu kamati kwa robo saa. Kisha mume wangu akasimama, akaomba radhi kwa kuwachelewesha watu, akasoma. Lita saba. Makofi. Akasoma kifungu cha kupimwa: kwamba namba itakayohesabika si ile iliyoandikwa na kiwanda, bali ile itakayopatikana hapa kwetu, kwa kuliendesha gari barabarani na kulipima kwenye mashine ya chuo cha ufundi, kabla ya kusajiliwa. Makofi yaliendelea kwa mazoea, kisha yakapungua, kama mvua inapohamia mtaa mwingine. Mjumbe mmoja akasema kifungu hicho walikipitisha wakijua serikali haina mashine. Mume wangu akasema ni kweli, serikali haina. Chuo kinayo. Imekuwepo miaka miwili imefunikwa turubai, na tangu Machi inafanya kazi.

Akawaomba watu watoke uani kidogo, kama hawatajali matope.

Gari jeupe lilikuwa pale, limeunganishwa mipira na kopo la kupimia. Alieleza kwa sauti ileile ya kunieleza mimi mezani. Gari hili aliliazima kwa mwanyumba wake tarehe ishirini na mbili Machi, na kesho yake asubuhi akaliandikisha kwa katibu wa wizara kama gari la majaribio. Mafundi wa chuo wameliendesha kila siku mvua zote hizi, mjini na nje ya mji. Kibandiko kinasema saba.

"Limekunywa kumi na moja," alisema.

Bwana Yadi alisema kwa sauti kubwa kwamba hiyo si haki, kwamba ni mvua, ni matope, ni mashimo, ni foleni, gari gani litatimiza namba za kiwandani kwenye barabara za namna hii.

Mume wangu alifuta miwani.

"Kuna hoja hapo," alisema. "Ndizo barabara tulizo nazo."

Waziri alicheka. Nadhani kicheko chake ndicho kilichomaliza kazi, maana hakuna anayeweza kumwomba mtu abadilishe sheria aliyokwisha kuichekea. Wajumbe wote walikuwa wameweka sahihi tangu wiki mbili zilizopita, Bwana Yadi akiwa wa kwanza. Waziri akaweka yake palepale, juu ya boneti.

Nilipogeuka, mdogo wangu hakuwa karibu nami tena.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anavua viatu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa chini kabla ya kujibu, na nikaona kwamba amezeeka tangu Machi, na mimi nilikuwa namwangalia kila siku.

"Ningekuambia ungeacha kunidharau," alisema. "Na mdogo wako angelisikia hilo kwenye sauti yako kabla hujamaliza salamu."

Nilimwuliza kama alijua kila nilichosema kwenye simu. Akasema hakuhitaji kujua kila nilichosema. Bwana Yadi alikuwa akikirudia kwenye kikao siku ya pili, kwa maneno yangu, hata miwani aliiigiza. Walipoamini kwamba hana ubavu, waliacha kusoma vifungu. Sita ya kiwandani wangeitimiza kwa kubadilisha kibandiko. Saba ya barabarani hawawezi.

"Kwa hiyo umenitumia."

"Ndiyo," alisema. Halafu, huyu mtu anayeuomba radhi mlango, hakuniomba radhi.

Ijumaa, 15 Mei

Nimemdharau mtu mwenye akili kunizidi kwa miezi miwili na nusu, na dharau yangu ndiyo iliyoifanya kazi yake iende. Sioni ni kiungo gani cha mwili kitanitosha kuificha aibu hii. Nimelala chumba cha wageni.

Jumapili, 17 Mei

Hawakuja. Nilipanga viti vinne kwa mazoea.

Jumatano, 20 Mei

Simu haikulia. Nilimpigia mdogo wangu mimi. Iliita hadi ikakatika.

Jumatatu, 25 Mei

Wamempandisha cheo mume wangu na kumhamishia idara ya kumbukumbu, kwenye ghorofa ya chini, ofisi isiyo na dirisha. Hongera zimemiminika. Waziri mwenyewe alimpigia simu kumsifu, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu. Hayo ndiyo malipo ya kuwashinda watu wanaocheza gofu na Waziri. Alirudi na kisanduku kimoja cha vitu vyake, akaniuliza kama nimeona soksi zake nzito, maana chini kule kuna baridi.

Nilimtafutia. Na nimerudi chumbani kwetu.

Jumamosi, 30 Mei

Jua siku nzima. Nasikia meli imefika bandarini na yale magari sabini yamepangwa kwenye uzio, yote meupe, na hayawezi kutoka. Watu wanasimama kuyatazama. Bwana Yadi amewaachisha kazi mafundi wake na sasa analindisha geti kwa mbwa. Kama ingekuwa yeye peke yake ningefurahi mpaka nione haya. Lakini mle ndani ya nyumba ile yumo pia mdogo wangu, na watoto wake wananiita Mama Mkubwa.

Jumapili, 7 Juni

Mdogo wangu amekuja, peke yake, kwa miguu kutoka barabara kuu. Nilimwona kutoka dirishani akikwepa madimbwi ya mwisho. Nikamfungulia kabla hajabisha. Hakuingia. Alisimama kwenye kibaraza, mkoba ameukumbatia kifuani, akaniuliza kuhusu kliniki, nami nikamuuliza kuhusu watoto. Wazima.

Kisha akasema mumewe anaamini kwamba zile simu zangu zote zilikuwa mtego, kwamba tulikaa wawili na mume wangu tukapanga nimwambie nini. Yeye amegombana naye wiki tatu kwa ajili yangu. Amemwambia dada yake hawezi.

"Niambie tu, dada. Ulijua?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Ningelisema, angeingia ndani, tungekaa jikoni, tungemlaani mume wangu pamoja hadi jioni, na Jumatano simu ingelia. Ningekuwa mjinga aliyetumiwa, na wajinga husamehewa upesi. Yeye angerudi kwake akamwambia Bwana Yadi kwamba yule mzee alimhadaa hadi mkewe wa ndoa, na Bwana Yadi angelieneza hilo kwenye kila baraza na kila klabu mjini: mtu asiyeaminiwa hata kitandani kwake, na sheria yake mtaiaminije. Akilini nilimwona mume wangu akiwa ofisini kwake chini kule, na soksi zake. Nilikumbuka yule mama wa jino. Na nitasema ukweli hapa kwa kuwa siusemi kwingine: sikutaka pia mtu yeyote ajue kwamba nilichezewa.

"Nilijua," nilisema.

Hakulia. Aliuteremsha mkoba kutoka kifuani, akauvaa begani vizuri kama mtu anayeanza safari ndefu, akashuka ngazi. Alipofika getini alilifunga nyuma yake, na akahakikisha limefungika, kwa sababu ndivyo mama yetu alivyotufundisha.

Mume wangu alikuwa sebuleni, mlango wazi. Alisikia yote. Aliniuliza kwa nini nimemwambia hivyo wakati si kweli.

Sijamjibu. Naye akae bila kujua, japo mara moja.